Kipimo cha mzazi kimetoka 11: je, na kichanga anayenyonya naye ana upungufu wa vitamini D?

Mzazi wa Muscat aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima.

Nimejifungua mtoto wa kike wiki tano zilizopita hapa Muscat, nilikoolewa mwaka wa nne sasa. Kwetu ni Unguja. Mtoto namnyonyesha maziwa yangu peke yake, hajaonja hata maji, na uzito wake unapanda vizuri. Baada ya kujifungua nililalamika maumivu ya nyonga na uchovu usioisha hata nikilala, daktari akaagiza kipimo cha damu, na karatasi ya maabara ikarudi na nanogramu 11 kwa mililita kwenye mstari wa vitamini D. Akaniandikia vidonge vya yuniti 50,000, kimoja kila wiki, na mtoto akampa matone ya yuniti 400 kila siku, bila hata kumpima damu.

Mama yangu mzazi amekuja kutoka Unguja kunilea katika arobaini yangu. Ananikanda, ananipikia, usiku anampokea mtoto ili nilale, na sina neno la kutosha la kumshukuru. Lakini matone hataki kuyasikia. Amenyonyesha watoto saba, anasema, na hakuna aliyetiwa kitu kingine kinywani kabla ya miezi sita, na wote miguu imenyooka. Anasema pia kwamba wauguzi wenyewe ndio wanaotuhubiria kila kliniki kuwa maziwa ya mama ni chakula kamili, na kwamba mtu hawezi kukosa vitamini ya jua katika nchi yenye jua kama hili la Oman. Mimi nilimpa mtoto matone siku tatu za mwanzo. Siku ya nne mama aliniona na chupa mkononi, akaniuliza kwa upole, "Kwani maziwa yako yana kasoro gani, mwanangu?" Nilikosa la kumjibu. Chupa akaiweka juu ya kabati, na iko huko mpaka leo.

Naomba wenye elimu mnisaidie. Je, kiwango changu kikiwa chini, ni lazima na cha mtoto kiwe chini? Vidonge vyangu haviwezi kumfikia kwa njia ya maziwa? Na lile jua la asubuhi, maana kila siku saa moja mama humvua mtoto nguo na kumlaza penye mwanga wa dirisha la sebuleni, halitoshi?

Daktari wa Watoto, Dar es Salaam alijibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa kujifungua salama. Nitaanza na swali la mama yako, kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote.

Maziwa yako hayana kasoro. Yana maji, mafuta, protini, sukari, kinga na karibu kila kitu ambacho mtoto wa umri huo anakihitaji, na hakuna kopo la dukani linaloyafikia. Ila vitamini D si kirutubisho ambacho mwili wa binadamu umeumbwa kukipata hasa kwa chakula. Hutengenezwa ndani ya ngozi, pale mionzi fulani ya jua inapoigusa, kisha ini huibadilisha kuwa ile akiba inayopimwa maabara, na figo huimalizia kuwa homoni inayouamrisha utumbo kufyonza kalsiamu. Maziwa ya mama wa kawaida yana takriban yuniti 20 hadi 80 tu za vitamini D kwa lita nzima. Kichanga hunyonya mililita 750 au 800 kwa siku, kwa hiyo hata maziwa yakiwa na kiwango cha juu kabisa cha hapo, atapata yuniti 60 hivi, ilhali mahitaji yake ni 400. Mama mwenye upungufu huwa chini zaidi ya hapo.

Kuhusu uhusiano wa kiwango chako na cha mtoto: ndiyo, vinakwenda pamoja, na mtoto huwa chini ya mama. Akiba yake aliipokea tumboni kupitia kondo la nyuma, na damu ya kitovu kwa kawaida hukutwa na kiasi cha asilimia 60 hadi 80 ya kile alicho nacho mama. Kama siku ya kujifungua ulikuwa karibu na hiyo 11, basi mwanao alianza maisha na 7 au 8. Akiba hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya wiki mbili hadi tatu isipojazwa. Ukihesabu wiki tano utaona kwa nini daktari wako hakuona sababu ya kumchoma sindano ya kipimo kabla ya kumwandikia matone, kwani kipimo chako kilikwisha kumweleza habari za watu wawili. Ili uisome vizuri karatasi yako, taasisi nyingi huhesabu chini ya nanogramu 12 kuwa upungufu, na 20 kuendelea kuwa inatosha kwa mifupa. Maabara nyingine huandika kwa nanomoli kwa lita, na hapo unazidisha kwa mbili na nusu, kwa hiyo 11 yako ni sawa na 27.5; usije ukaona namba hiyo kwenye karatasi nyingine ukadhani umepona.

Swali la vidonge kumfikia mtoto ni zuri sana na limefanyiwa kazi. Mwaka 2015 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa Hollis na Wagner ambamo akina mama wanaonyonyesha walipewa yuniti 6,400 kila siku, watoto wao wakapewa matone yasiyo na kitu, na viwango vya watoto hao vikawa sawa na vya wale waliopewa yuniti 400 mdomoni. Kundi la akina mama waliopewa 2,400 lilisimamishwa mapema kwa sababu watoto walibaki na upungufu. Kwa hiyo njia ya maziwa ipo, lakini inahitaji dozi kubwa, tena ya kila siku. Kinachopita kwenye maziwa ni vitamini yenyewe kabla haijageuzwa na ini, na hiyo haikai katika damu zaidi ya siku moja au mbili kwa wingi wake. Kidonge cha wiki kitakujazia wewe akiba yako, na ukinywe kama ulivyoandikiwa, lakini maziwa yatapanda na kushuka kabla wiki haijaisha. Usimkatize mtoto matone kwa kuwa wewe umeanza vidonge, wala usijiongezee dozi mwenyewe ili umfikie yeye. Dozi kama zile za utafiti hutolewa chini ya usimamizi wa daktari.

Na jua la dirishani, dada, halimpi kitu. Mionzi inayotengeneza vitamini D haipenyi kioo. Hata mngemtoa nje, saa moja asubuhi jua bado limelala, nalo likiwa limelala mionzi hiyo huchujwa angani kabla haijafika chini. Alama rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko mwenye kivuli, ngozi inatengeneza kidogo sana. Saa ambazo jua la Muscat lingemfaa kwa vitamini ndizo saa ambazo lingeichoma ngozi ya mtoto wa wiki tano, na kichanga wa chini ya miezi sita hatakiwi kuwekwa kwenye jua kali la moja kwa moja. Hapo ndipo matone yalipopata kazi.

Mama wa Leicester alijibu:

Dada, mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi Uingereza, na nakuandikia hili nikiwa bado naliona mbele ya macho yangu ingawa miaka imepita.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwezi wa Juni, nikamnyonyesha peke yake, mnene, mcheshi, kila mtu akitaka kumbeba. Muuguzi anayetembelea majumbani alinipa chupa ya matone ya vitamini, akaniachia na karatasi, na mimi nikaviweka vyote kwenye droo pamoja na karatasi nyingine nyingi wanazokupa huku ukijifungua. Sikuelezwa kwamba mimi mwenyewe, mwenye ngozi nyeusi na ninayejifunika kwa stara yangu, ndiye niliyekuwa nikikusudiwa na karatasi ile. Katika nchi hii kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua haliwezi kutengeneza vitamini D kwenye ngozi ya mtu yeyote, hata angekaa bustanini mchana kutwa.

Mwezi wa Februari, mtoto akiwa na miezi minane, nilikuwa namvisha soksi akakakamaa mikononi mwangu, macho yakaangalia upande mmoja, midomo ikageuka rangi. Hakuwa na homa hata kidogo. Kwetu degedege tunalijua ni la homa, malaria, kwa hiyo nilimgusa paji la uso, kifua, mgongo, nikitafuta joto ambalo halikuwapo. Hospitali walikuta kalsiamu ya damu imeshuka mno, na vitamini D ilikuwa karibu haipo kabisa. Daktari alimshika kifundo cha mkono akanionyesha jinsi kilivyovimba na kupanuka, mimi nilikuwa nikikiona kila siku na kukiita unene. Utosi wake ulikuwa mpana kuliko umri wake. Miguu ilikuwa imenyooka, kwa sababu miguu haipindi mpaka mtoto aanze kusimama na kuibebesha uzito. Mwambie mama hilo kwa heshima zote: kwa mtoto wa wiki tano, miguu iliyonyooka haitoi habari yoyote.

Alitibiwa, akapona, leo ni kijana anayecheza mpira. Wadogo zake wawili walipata matone tangu wiki ya kwanza. Huku mwongozo unataka mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama, nayo mikrogramu 10 ndiyo yuniti 400 hizo hizo, na kwa wenye kipato kidogo mpango wa Healthy Start huwapa vitamini hizo bure.

Baba Twaha, Tanga aliandika:

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya akina mama. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Sisi tunaishi Tanga, si Ulaya wala Arabuni, na jua tunalo la kutosha. Kliniki yetu inatoa matone ya vitamini kwa watoto, nimewaona kwa macho yangu. Hayo si ndiyo haya?

Afisa Lishe, Nairobi alijibu:

Hujaingilia, ndugu yangu. Mimba ni ya wawili. Uliyoyaona kliniki sio haya. Ile ni vitamini A, inayotolewa kwa mtoto kuanzia miezi sita na kurudiwa kila baada ya miezi sita: vidonge laini vya bluu kwa wa chini ya mwaka, vyekundu kwa waliozidi mwaka, muuguzi anakata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto mafuta mdomoni. Inalinda macho na kinga, lakini kwa vitamini D haisaidii. Na sindano ya vitamini anayochomwa mtoto akizaliwa ni ya vitamini K, ya kuzuia kutoka damu. Herufi hizi huwachanganya wengi, na nimekutana na wazazi waliokataa matone ya D wakiamini kwamba mtoto amekwisha kupewa.

Kuhusu jua, una haki ya kuuliza, na jibu halifanani kwa kila nyumba. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa Tanzania kwa Wamaasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi maisha ya asili yao, na wastani wa akiba yao ya vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, yaani nanogramu 46 kwa mililita, zaidi ya mara nne ya dada yetu wa Muscat. Hawakunywa kidonge chochote. Wanashinda nje, nao jua la adhuhuri hulikwepa kivulini wakiweza. Huo ndio uwezo wa ngozi nyeusi chini ya jua la Ikweta ikiachiwa nafasi.

Lakini hapa Nairobi, kwenye makazi ya watu wa kipato cha chini ambako vyumba vimebanana na mtoto anashinda ndani mama akienda kibaruani, watafiti wamekuta matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D hasa, tena yakiandamana na utapiamlo. Jua ni lile lile la Ikweta, ila halimfikii mtoto. Na huko Al Ain, katika Falme za Kiarabu, Dawodu na wenzake walipima akina mama wanaonyonyesha pamoja na vichanga wao katikati ya kiangazi, wakachapisha matokeo mwaka 2003: akina mama wengi walikuwa na upungufu, na watoto wao wengi zaidi. Kiangazi cha huko nyuzi joto hupita 40, kila mtu anajifungia kwenye kiyoyozi. Kwa hiyo ninapoulizwa kama nchi fulani ina jua, mimi huuliza: huyu mama, jana, alisimama nje muda gani, na ni sehemu gani ya ngozi yake iliyoliona jua?

Mkeo basi mwangalie kwa kipimo hicho. Kama anashinda uani na sokoni, mikono na uso wazi, huenda hana tatizo. Shirika la Afya Duniani halishauri kila mjamzito apewe vidonge vya vitamini D. Linashauri yuniti 200 kwa siku kwa anayedhaniwa kuwa na upungufu. Kama mtoto atazaliwa njiti mwenye uzito mdogo sana, jambo ambalo tunamwomba Mungu aliepushe, hapo mambo hubadilika, kwa sababu alikosa wiki za mwisho ambazo mtoto hujikusanyia madini ya mifupa, na Shirika hilo hilo linataka apewe yuniti 400 hadi 1,000 kila siku mpaka miezi sita. Msisahau na kalsiamu pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Nigeria ulionyesha watoto wenye matege ambao tatizo lao kubwa lilikuwa kukosa kalsiamu katika chakula, si vitamini D, nao walipona kwa kupewa kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi visikosekane nyumbani. Vibua na samaki wengine wa mafuta, pamoja na kiini cha yai, vina vitamini D kiasi, ila peke yake havitajaza pengo kubwa.

Mkunga Mstaafu, Mombasa alijibu:

Mwanangu wa Muscat, pokea salamu zangu na umfikishie mama yako, ambaye kwa umri nadhani ni dada yangu. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka thelathini, hospitali na majumbani, na arobaini nimeilea mwenyewe kwa mabinti zangu.

Mama yako hasemi uongo. Watoto wake saba walinyooka miguu bila tone, na mimi ninaweza kukuonyesha wengi kama wao. Lakini mkumbushe nyumba aliyowalelea. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na ua. Mwanamke alikuwa amejisitiri kwa watu wa nje, lakini uani alikuwa na kanga moja tu kifuani, kichwa wazi, mabega wazi, anakuna nazi, anaanika mchele, anafua, anasuka ukili, na jua likimwangukia kutoka juu saa tatu, saa nne, saa tano. Alikuwa hivyo kabla ya mimba na wakati wa mimba, kwa hiyo alipoingia arobaini na kufungiwa chumbani na kichanga wake, aliingia na akiba kamili, na mtoto alizaliwa na akiba yake. Arobaini haikumdhuru kwa sababu ilikuwa siku arobaini tu katika maisha ya jua.

Wewe binti yangu unaishi ghorofani. Buibui unalivaa mlangoni, unaingia kwenye gari, unashuka dukani ambako nako ni ndani, na ukirudi unalivua penye taa na kiyoyozi. Sikulaumu, na stara yako ni haki yako na ibada yako. Nasema tu kwamba ua haupo. Miaka minne umeishi kama mtu aliye arobainini, kisha ukashika mimba, kisha ukaingia arobaini yenyewe.

Mwambie mama hivi, kwa lugha yake: maziwa ya mwanao ni mazuri kama yalivyokuwa yako, ila wewe ulimpa mtoto wako maziwa na jua la uani kwa pamoja, na binti yako ana maziwa peke yake, tone hili ni mahali pa ule ua. Usimshinde kwa karatasi za maabara. Mama aliyevuka bahari kuja kukukanda hastahili kushindwa, anastahili kuelezwa. Kisha mpe chupa yeye, liwe jukumu lake kama yalivyo maji ya moto.

Jambo moja nikuombe. Soma maandishi ya chupa kabla ya kuendelea. Nimeona za aina mbili zenye sura moja: kuna zile ambazo yuniti 400 zimo katika mililita moja, unajaza kile kibomba cha kunyonyea dawa mpaka kwenye mstari, na kuna zile ambazo yuniti 400 zimo katika tone moja tu.

Mzazi wa Muscat alirudi:

Nawashukuru nyote, na wewe Bi Mkunga zaidi, maana nilimsomea mama maneno yako usiku baada ya swala ya isha, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaanza kunitajia vitu vya ua wetu kimoja kimoja, mkungumanga uliokuwapo, kinu, kamba ya nguo. Akaniambia niishushe chupa.

Tukaisoma pamoja chini ya taa. Imeandikwa yuniti 400 katika tone moja. Mimi zile siku tatu nilikuwa najaza kibomba mpaka mstari wa mililita moja. Mikono ilinitetemeka. Nimehesabu matone ya kibomba kizima kwenye kijiko, yamefika 31, nikazidisha, nikapata zaidi ya yuniti 12,000 kwa siku kwa mtoto ambaye alikuwa hajatimiza hata mwezi. Leo ni siku ya kumi tangu tulipoacha. Mtoto ananyonya, anachangamka, anakojoa kama kawaida, hajatapika. Naombeni mnieleze ukweli bila kunificha: nimemdhuru?

Daktari wa Watoto, Dar es Salaam alijibu:

Dada yangu, tulia kwanza unisikilize. Kosa hili limetokea kwa wazazi wengi, kiasi kwamba mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa nchi nzima juu ya vibomba vinavyoruhusu kichanga kupewa dozi nyingi kupita kiasi. Madhara hutokana na kalsiamu kupanda katika damu, na dalili zake ni mtoto kukataa kunyonya, kutapika, kufunga choo, kukojoa kupita kawaida, kulegea. Ikiendelea kwa muda mrefu, figo huumia. Visa vinavyoleta madhara hayo kwa kawaida ni vya dozi kubwa zilizorudiwa kwa wiki nyingi. Siku tatu kwa mtoto aliyeanza na upungufu, kisha siku kumi bila kitu na bila dalili, kunanipa matumaini makubwa.

Hata hivyo sitaki matumaini yangu yawe badala ya kipimo. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wake, mchukulie na chupa yenyewe na kibomba chake, mweleze siku tatu hizo bila kupunguza neno, naye apime kalsiamu na kiwango cha vitamini D cha mtoto. Mpaka majibu yatoke usimpe tone. Endelea kumnyonyesha kama kawaida. Usiku huu ukiona anatapika mfululizo, amelegea au anakataa titi, usisubiri asubuhi.

Na kwa wengine wote mnaosoma: kiwango cha juu kisichopitwa bila usimamizi wa daktari kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni yuniti 1,000 kwa siku kutoka kila mahali. Njia ninayowafundisha wazazi kwa chupa za tone moja ni kulidondoshea kwenye kidole safi au kwenye chuchu kabla tu ya mtoto kushika titi, ili ulione kwa macho kuwa ni moja.

Mzazi wa Muscat alirudi tena:

Tumetoka hospitali. Kalsiamu yake iko sawa, na daktari amesema figo hazina wasiwasi. Ameniambia nisubiri wiki mbili zaidi, kisha nianze tone moja kwa siku, na atampima tena akifika miezi mitatu. Vidonge vyangu naendelea navyo, na nitarudiwa kipimo nikimaliza.

Kibomba mama amekitoa kwenye chupa, akakivunja, akakitupa. Daktari alitubadilishia chupa yenye mdomo unaodondosha tone moja moja, na mama ameifunga uzi mwekundu shingoni ili isichanganywe na nyingine. Ameniuliza pia kama Unguja siku hizi madaktari wanapima kiwango hiki, kwa sababu mdogo wangu anakaa ghorofani Michenzani na ana mimba ya miezi mitano.

Mkunga Mstaafu, Mombasa alijibu:

Maabara za watu binafsi kwenye miji mikubwa hupima, ila bei yake si ndogo. Mama amuulize kwanza huyo mdogo wako yale maswali ya Afisa Lishe: anatoka nje saa ngapi, na ngozi gani inayoliona jua. Akijibu kwamba hatoki, aende kliniki aliseme hilo kabla hajajifungua, maana kwake yeye mtoto bado yuko tumboni na akiba bado inaweza kujazwa.